Kuondoa virusi na programu za kijasusi kwa malipo: nitoze vipi, na dhamana yangu iishie wapi?

Mhasibu wa Kihonda (mwanzisha mada)

Habari za jioni, ndugu zangu. Ninaishi Morogoro na kazi yangu ya kila siku ni uhasibu, lakini kwa miaka minne sasa majirani, wanafunzi wa SUA, chuo kikuu cha kilimo cha hapa, na wenye maduka ya stesheneri wamekuwa wakiniletea kompyuta zilizoingiwa na virusi, nami nimekuwa nikizisafisha jioni na mwisho wa wiki bila kudai chochote zaidi ya asante. Mwezi uliopita niliamua kutoza shilingi 15,000 kwa kila mashine, na mteja wa tatu tu akanionyesha kwamba sikuwa nimejipanga.

Ni mama mwenye stesheneri jirani na chuo. Kompyuta yake ilikuwa na kile kirusi cha njia za mkato: ukichomeka flashi, folda zote zinatoweka na mahali pake vinabaki vialama vyenye kishale kidogo pembeni. Niliisafisha kwa saa tatu, folda zikarudi, nikalipwa. Siku ya nne akanipigia simu kwamba tatizo limerudi, na kwamba anataka ama nije kulimaliza bure ama nimrudishie fedha zake. Nilikwenda bure. Nilipofika nikamkuta mwanafunzi amechomeka flashi yake ili achapishe tasnifu, na kishale kiko pale pale kwenye skrini. Kirusi kililetwa upya na mteja wa dukani, lakini kwa huyo mama hakuna tofauti kati ya kirusi nilichokiacha na kirusi kilichoingia leo, na mimi sikuwa nimemweleza tofauti hiyo kabla ya kupokea fedha yake.

Naomba ushauri wa wenye uzoefu. Je, nitoze kwa saa au kwa mashine? Dhamana niitoe kwa muda gani, na kwa jambo gani hasa? Ni wakati gani fundi anapaswa kuacha kusafisha na kuamua kufomati, yaani kufuta diski yote na kuweka Windows upya? Na kwa kuwa Windows sasa inakuja na kinga yake yenyewe, je, kazi hii bado inamlipa mtu anayeifanya baada ya saa za ofisi?

Fundi wa Igoma

Kaka, pole kwa lililokukuta, na ninakusihi usiache. Nimefanya kazi hii hapa Mwanza tangu 2011, na nitaanza na huyo mama, kwa sababu kisa chake kinaeleza sehemu kubwa ya biashara unayotaka kuingia.

Kirusi hicho hakifuti folda. Kinazipa sifa ya kufichwa na sifa ya mfumo, kisha kinaweka njia ya mkato yenye jina lile lile; mtu anapoibofya, kwanza hati ndogo ya amri inaendeshwa kwa wscript, programu ya Windows ya kuendeshea hati za namna hiyo, halafu folda halisi inafunguka, hivyo mtumiaji hahisi lolote. Hati hiyo hujinakili ndani ya AppData, folda iliyofichwa ambamo programu huweka mambo yake, na kujiandikisha miongoni mwa vitu vinavyoamka pamoja na Windows. Ndiyo maana anayeanza kusafisha flashi anatwanga maji kwenye kinu, maana kompyuta inaiambukiza tena ndani ya sekunde chache. Anza na mashine: chomoa flashi zote, fungua Autoruns, programu inayoorodhesha vyote vinavyoamka pamoja na Windows, kagua kila kinachoamka kutoka AppData, simamisha wscript, futa hati na kiingilio chake, kisha washa upya na uhakikishe hakikurudi. Hapo ndipo uchomeke flashi na kuandika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ikiwa herufi ya flashi ni E. Mimi hupenda mteja awe amekaa pembeni yangu wakati huo, aone kwa macho yake folda zinavyorudi moja baada ya nyingine, kwa sababu dakika hiyo ndiyo nafasi nzuri ya kumweleza ugonjwa ulikotoka, naye anakusikiliza.

Sasa, duka la stesheneri hupokea flashi za watu kutwa nzima. Ukimuuzia mwenye duka usafishaji, umemuuzia kitu kisichofika Ijumaa. Muuzie mpangilio: mashine ya kuchapishia itumie akaunti isiyo na mamlaka ya msimamizi, Windows Script Host, yaani sehemu ya Windows inayoendesha zile hati za wscript, izimwe, hesabu za duka zisikae kwenye mashine hiyo, na diski nzima ichukuliwe nakala siku ikiwa safi, ili mambo yakiharibika uirudishe kwa nusu saa badala ya kuhangaika usiku kucha. Ninayo maduka sita ninayoyahudumia hivyo kwa shilingi 20,000 kwa mwezi kila moja, na ndiyo fedha ninayoitegemea kuliko ya wateja wa kupita.

Kuhusu bei, usitoze kwa saa. Upekuzi wa virusi kwenye diski ya zamani unaweza kuchukua saa tano huku wewe umelala, na si haki mteja alipie uzee wa diski yake. Mimi natoza 5,000 za uchunguzi, zinazokatwa kwenye malipo akikubali kazi iendelee. Kusafisha ni 20,000. Kazi ya mikono ikipita saa mbili bila kuniridhisha, nakwenda kwenye kufomati kwa 35,000, ikiwa ni pamoja na kuhamisha mafaili na kuyarudisha, na bei hiyo mteja anaijua tangu siku ya kwanza. Dhamana yangu ni siku saba kwa kirusi kile kile nilichokiandika kwenye risiti, kikirudi chenyewe; kikiletwa na flashi nyingine au programu mpya, ni kazi mpya. Iandike na asaini.

Jambo moja nililolipia gharama kubwa. Mwalimu mmoja aliniletea laptopu akilalamika kwamba virusi vimeifanya nzito. Niliamini maneno yake, nikaiwekea upekuzi kamili usiku mzima, na alfajiri diski ikawa imekufa kabisa, na alama za mtihani za darasa zima zikiwemo. Haikuwa virusi. Diski ilikuwa inachoka, na mimi niliifanyia kazi nzito kuliko zote iliyowahi kufanyiwa. Tangu siku hiyo siendeshi kitu chochote kabla ya kuangalia afya ya diski kwa CrystalDiskInfo, ambayo ni kazi ya dakika moja, na kabla ya kunakili mafaili ya mteja kwenye diski ya nje. Nunua pia UPS, betri ya akiba ya kompyuta, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya kufomati lawama hazitakwenda kwa shirika la umeme.

Dada wa Chumbageni

Ningependa kuongezea upande ambao mafundi wengi huuacha, nao ni ule wa programu za kijasusi zinazowekwa na mtu wa karibu.

Atakuja mwanamke na kukuambia kwamba mumewe anajua kila anachokiandika kwenye simu. Usikimbilie kufuta. Programu hiyo ikinyamaza ghafla, aliyeiweka atajua siku hiyo hiyo kwamba imegunduliwa, na hasira yake haitamwangukia fundi bali yule dada atakayerudi naye nyumbani. Mwulize kwanza, mkiwa faragha, kama ana mahali salama na kama anataka kwenda kwenye dawati la jinsia na watoto la polisi, maana kilichomo kwenye simu ni ushahidi na ukikifuta umeufuta. Kama atataka kuomba msaada, afanye hivyo kwa simu nyingine. Uamuzi wa kuondoa ni wake, na siku ya kuondoa ni yake pia.

Atakuja vilevile mtu mwenye fedha mkononi akitaka umwekee mke au mchumba wake programu ya namna hiyo. Kataa, hata akikuongezea mara tano. Kuingia katika mfumo wa mtu bila ruhusa na kunasa mawasiliano yake ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na kwamba mlengwa ni mkewe hakukuondolei kosa.

Kuhusu mafaili ya wateja, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ipo Tume inayoisimamia. Ile diski ya nje anayoisema Fundi ina vitambulisho, picha za familia na hesabu za watu. Mwambie mteja utakaa na nakala yake kwa siku ngapi, kisha uifute kweli siku hiyo ikifika. Usifungue folda usiyoihitaji. Na kwa kuwa utakuwa unapokea malipo, chukua TIN, yaani namba ya mlipakodi, na leseni ya biashara ya manispaa mapema. Wewe ni mhasibu, hilo halikupi shida.

Msimamizi wa Mifumo, Nairobi

Naafiki yaliyosemwa, nami nina mambo machache mafupi.

Toleo la bure la programu ya kuondoa virusi ya Malwarebytes, sawa na lile la Avast, limeruhusiwa kwa matumizi binafsi. Ukilitumia kumtoza mteja umevunja masharti ya leseni, hata kama hakuna atakayekufuata. Microsoft Defender Offline, sehemu ya ile kinga ya Windows yenyewe, imo ndani ya Windows, inapekua kabla mfumo haujaamka, na humaliza kwa takribani dakika 15. Kwa kazi nyingi za mtaani inatosha.

Usaidizi wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai TPM 2.0, yaani chipu ya usalama, pamoja na prosesa ambazo laptopu nyingi za mitumba zinazoingia Afrika Mashariki hazina. Mwambie mteja ukweli huo kabla ya kumpa dhamana yoyote.

Ukikuta mafaili yamefungwa na kupewa viambishi vigeni mwishoni mwa majina yao, na barua ya kudai fedha imeachwa kwenye kila folda, usifomati. Nakili mafaili yaliyofungwa na barua yenyewe, kisha uyapeleke kwenye huduma ya bure ya No More Ransom, ambayo Europol, polisi wa Uholanzi, Kaspersky na kampuni iliyokuwa ikiitwa Intel Security waliianzisha Julai 2016. Ufunguo wa kuyafungua unaweza kuwa haupo leo na ukapatikana mwakani, ila aliyefomati hana tena cha kufungua. Wala usimwahidi mteja chochote.

Mwisho, programu zinazoiba nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari haziishi madhara kwa kufutwa, kwa sababu nywila zimekwisha kuondoka. Mteja abadilishe nywila za barua pepe na benki akitumia kifaa kingine, na aondoe vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti zake. Fundi asiyesema hivi amefagia nyumba na kumwachia mwizi ufunguo.

Mhasibu wa Kihonda

Nawashukuru sana, na nimeyaandika yote. Dada wa Chumbageni, suala la simu sikuwa nimelifikiria kabisa, na nakiri ningefuta mara moja nikidhani ninasaidia.

Niongeze swali moja. Jana mzee mmoja aliniletea laptopu inayotoa kila mara tangazo kwamba ina virusi vitano na kwamba alipe ili viondolewe. Nilipochunguza sikukuta kirusi. Alikuwa ameiruhusu tovuti moja imtumie arifa kupitia Chrome, nami niliiondolea ruhusa kwa dakika mbili, matangazo yakakoma. Alikuwa amekwisha kuweka noti mbili za 10,000 mezani, akiamini nimemwokoa. Nilimwomba asubiri hadi leo. Nichukue?

Fundi wa Igoma

Chukua 5,000 za uchunguzi, kwa sababu ulichunguza kweli na hukujua mapema kwamba ni arifa. Zilizobaki mrudishie, na umwonyeshe ukurasa wa mipangilio ulipoikuta ile tovuti, umwache aiguse mwenyewe, ili siku nyingine tangazo kama hilo likitokea aanze kutazama hapo kabla ya kumlipa mtu yeyote. Kwenye risiti usiandike kwamba uliondoa virusi. Andika ulichokifanya: ruhusa ya arifa imeondolewa, diski imekaguliwa, hakuna kirusi kilichopatikana.