Bango la maandamano: tushone au tuchapishe?

KatibuMpya:
Wakuu, salaam. Chama chetu cha wafanyakazi kimenitwika kazi ya kuandaa bango la kubeba kwenye maandamano, lile la mstari wa mbele, fito huku na huku. Wazee wanataka la kitambaa, lishonwe, "lenye heshima". Vijana wanasema tuchapishe turubai: asubuhi unapeleka, jioni unabeba. Ugomvi nimeachiwa mimi. Kwanza, hii desturi ya kutembea nyuma ya kitambaa imetoka wapi? Pili, kushona kuna faida yoyote au ni mazoea tu? Tumefikiria mita 6 kwa 1. Maneno kamati imeshaandika, mistari saba.

SindanoNaUzi:
Mistari saba! Hapo nitarudi.

Mimi nashona mabango na mashine ya kuchapisha ninayo, kwa hiyo mkichagua lolote kwangu sawa.

Jeshi la Rumi lilikuwa na vexillum, kitambaa cha mraba kilichoning'inia kwenye ufito uliokingama juu ya mkuki. Kimoja kilichopatikana Misri kipo hadi leo katika Makumbusho ya Pushkin, Moscow: chekundu, kimechorwa mungu wa kike wa ushindi amesimama juu ya tufe. Utazame ule ufito wa juu, ndio akili yote ya fundi. Bendera iliyofungwa upande mmoja hulala upepo ukikata. Hiki kinaonekana hata hewa ikitulia. Wajapani nao walifika hapohapo kwa njia yao. Nobori zao ni ndefu na nyembamba, zimeshikwa juu na ubavuni, na enzi za vita vya karne ya 16 askari walibeba vijibango mgongoni ili wajulikane ni wa nani. Nobori bado zimesimama mbele ya maduka ya Japani, zikitangaza chakula badala ya ukoo.

Vitani kazi ya bango ilikuwa moja: umepotezana na wenzako vumbini, utawaona wapi? Ndiyo maana walilipandisha juu kadiri walivyoweza. Milano ya karne ya 11 walikuwa na carroccio, gari la kukokotwa na maksai lililobeba bango la mji. Uingereza mwaka 1138 walisimamisha mlingoti wa meli juu ya gari, wakautundika mabango ya watakatifu, na vita vyenyewe vikabaki na jina la bango hilo.

Lenu ninyi lina ukoo wa karibu zaidi. George Tutill alianza biashara London mwaka 1837, na karakana yake ikaja kuwa ndiyo iliyotengeneza mengi ya mabango ya hariri ya vyama vya wafanyakazi wa Uingereza. Rangi ikikauka juu ya hariri hupasuka unapokunja, kwa hiyo mwaka 1861 alipata hataza ya kuitibu hariri kwa mpira ili ilegee. Wachimba makaa wa Durham wamekuwa wakiandamana na mabango yao tangu 1871. Enzi za migodi, tawi lililofiwa mgodini lilifunga kitambaa cheusi juu ya bango lake. Hapo ndipo wazee wenu wana hoja: lile bango ni mali ya tawi, linatunzwa, linarithiwa. Turubai la tukio moja hakuna anayelirithi.

Pikseli:
Msisahau bango lisilohitaji fito. Tarehe 27 Oktoba 1994 tovuti ya HotWired iliweka ukanda wa tangazo la kampuni ya simu ya AT&T, na inasimuliwa kuwa asilimia 44 ya waliouona waliubofya. Miaka minne baadaye watafiti Benway na Lane walionyesha kuwa watu huruka chochote chenye sura ya tangazo, hata kama ndicho wanachokitafuta. Hali hiyo waliiita upofu wa mabango. Mistari yenu saba mnaijua itakakoishia.

Mpitanjia:
NAACP, chama cha kutetea haki za Wamarekani weusi, New York, miaka ya 1930. Kitambaa cheusi, herufi nyeupe, nje ya dirisha la ofisi yao Fifth Avenue: jana mtu ameuawa na kundi la watu. Nembo hakuna, tarehe hakuna. Walilitoa kila habari ya mauaji hayo ilipowafikia, hadi 1938 walipotishiwa kufukuzwa kwenye jengo.

KatibuMpya:
Nimewaelewa, ila kamati haipunguzi neno. Jina la chama, kaulimbiu, madai matatu, anwani ya posta, mwaka wa kuanzishwa. Sindano, hesabu yake ikoje?

SindanoNaUzi:
Anwani ya posta kwenye maandamano? Nani atasimama aandike barua?

Hesabu ya mafundi: herufi ya sentimita 2.5 inasomeka vizuri kutoka mita 3. Mita 1 ya kwenda juu, ukitoa pambizo na nafasi kati ya mistari saba, inakuachia herufi za sentimita 8 hivi. Yaani mita 10 tu. Ng'ambo ya barabara pana wanaona vumbi la maandishi. Mistari miwili itakupa herufi za sentimita 30.

La pili ni upepo, na hili watu hulidharau. Mita 6 za mraba, upepo wa mita 15 kwa sekunde ukiwapiga usoni, mnasukumwa na nguvu ya zaidi ya kilo 80. Hilo ni tanga, na meli ni watu wawili wenye fito. Kutoboa matundu kunasaidia kidogo mno. Kata liwe mita 3, au mwige Mary Lowndes, msanii wa vioo vya rangi aliyebuni mengi ya mabango ya wanawake waliodai kura London mwezi Juni 1908: marefu kwenda chini, ufito juu, mabango mengi badala ya moja. Madai matatu, mabango matatu.

Kama fedha haitoshi kushona, chapisha kwenye poliesta, inakunjika bila kupasuka. Turubai la plastiki (PVC) msilikunje kamwe. Liviringishwe, upande wenye maandishi uwe nje.

KatibuMpya:
Mabango matatu watalipenda, kila kigogo atapata lake la kutembea nyuma yake. Kamati inakaa Alhamisi. Naanza na hiyo anwani ya posta.