Naomba ushauri: Bwindi na mama, tunaondoka Ijumaa

Kijana_Kagera: Wakuu habari. Nipo Bukoba, mama yangu ana miaka 63 na tangu nikiwa mdogo anaongelea kuwaona gorila wa milimani kabla hajafa, nimedunduliza mwaka mzima na vibali vyote viwili vya msitu wa Bwindi, Uganda, nimeshalipia, njia ni Mutukula, Masaka, Mbarara mpaka Kabale. Sasa sijui niende au niahirishe. Nimekwama kabisa.

Buti_Chakavu: Vaa buti mkuu! Mimi Udzungwa nilipanda maporomoko ya Sanje na raba, nikashuka kwa makalio. Suruali chomeka kwenye soksi, siafu hawana huruma.

Bi_Mwana: Mdogo wangu, umelipa, njia unaijua, uahirishe kwa nini? Kuna kitu hujasema.

Kijana_Kagera: Nina kikohozi dada, leo siku ya tano. Ila sio kikali, dawa natumia na barakoa nimenunua.

Bi_Mwana: Usiende. Mafua yetu gorila anayashika na yanaweza kumuua, ndio maana mgonjwa haruhusiwi kuwasogelea. Dunia nzima wamebaki elfu moja na ushee tu.

Kijana_Kagera: Nalijua hilo, lakini tunakaa nao saa moja tu tena kwa mbali. Na mama magoti yanamsumbua, peke yake hawezi.

Mpita_Njia: Mama aende bila wewe. Pale wapo vijana wa kukodi wanabeba mizigo, wanamshika mkono kwenye mteremko, akishindwa kabisa wanambeba kwa machela. Wewe msubiri chini.

Mchunguzi: Hii chai. Kibali cha Bwindi kinatoka na sekta yake, ziko nne. Taja yako.

Kijana_Kagera: Rushaga. Sasa nidanganye ili nipate nini? Ngoja nipige picha niweke hapa.

Buti_Chakavu: Funika namba za pasi kwanza mkuu, humu kuna watu.

Mchunguzi: Sawa, Rushaga ipo. Ila bado hadithi ina tundu, mama anaishi na mtu anayekohoa siku tano na hajamzuia?

Bi_Mwana: Achaneni na picha. Hilo ndilo la kuuliza. Mama anajua unaumwa? Na yeye je, hajaanza kukohoa?

Kijana_Kagera: Nimemwambia ni vumbi.

Kijana_Kagera: Jana usiku nimemsikia na yeye.