Mrejesho: boksi la .30 W.C.F. la Winchester

Niliuliza umri na thamani ya boksi la zamani la risasi 20 za .30 W.C.F. (aina ya risasi za bunduki, pia huitwa .30-30) la Winchester, kampuni ya bunduki ya Marekani. Asanteni wakuu, majibu yenu yamelipambanua.

Kitako cha ganda kina mhuri W.R.A. CO., yaani Winchester Repeating Arms Company, kampuni yenyewe ya bunduki, na risasi hii ilianza kuuzwa 1895. Ila mhuri peke yake hautoshi: lebo ndiyo inayobana mwaka. Winchester ilinunuliwa na Western Cartridge, kampuni ya risasi ya familia ya Olin, mwaka 1931, kwa hiyo lebo inayotaja Olin haiwezi kuwa ya kabla ya hapo.

Thamani kubwa iko kwenye karatasi ya boksi, si kwenye shaba ya risasi. Kifuniko na sehemu ya chini ya boksi vilinganishwe rangi na uchakavu, maana mara nyingi vimeunganishwa kutoka maboksi mawili. Risasi zote 20 ziwe na mhuri mmoja. Moja ikiwa ngeni, bei inashuka. Utepe wa kufungia boksi ambao haujakatwa usiukate kamwe!

Kutu ya kijani iacheni. Msisugue shaba, wala msipulizie mafuta: yanapenya kwenye fataki (kiwashio kilicho kwenye kitako cha risasi) na kudoa lebo. Bei nimelinganisha na zilizolipwa mnadani, si zinazotajwa na wauzaji.