Tunataka aplikesheni ya kuripoti kero za mtaa. Tuanzie wapi?

Mkazi wa Kona

Habari za muda huu wakuu.

Kikundi chetu cha wakazi kina grupu la WhatsApp, na haipiti siku bila mtu kutupia picha: mtaro umeziba, taa ya barabarani imekufa, taka hazijazolewa. Watu wanalalamika weee, kesho yake picha imeshafukiwa na maongezi mengine. Sasa kuna kijana anasomea kompyuta, amejitolea kututengenezea aplikesheni ili kila kero ionekane kwenye ramani. Wengi tumelipenda wazo, ila mzee mmoja wa kamati kauliza swali likatunyamazisha wote: "Ikishaonekana kwenye ramani, nani atauzibua huo mtaro?"

La pili, halmashauri ina tovuti ya data huria, yaani takwimu na nyaraka ambazo yeyote anaruhusiwa kuzitumia. Nimeingia nikakuta bajeti na orodha za miradi, lakini nyingi ni PDF zilizoskaniwa. Je, zinaweza kutufaa sisi watu wa mtaa mmoja?

Lugha nyepesi tafadhali, mimi si mtu wa IT. Nawasilisha.

Nusu Mhandisi

Huyo mzee mpeni uenyekiti.

Fundi wa Majedwali

Mkuu, msitengeneze aplikesheni. Nasema hivi nikiwa mtu ninayeishi kwa kuandika programu.

Kwanza, kupata watu wa kuipakua ni kazi kuliko kuiandika. Pili, huyo kijana akihitimu na kupata ajira, nani ataitunza? Na tatu, ambalo ndilo zito, ramani ni sehemu nyepesi ya mfumo wa namna hii. Tazama FixMyStreet ya Uingereza, iliyoanzishwa na shirika la mySociety mwaka 2007. Mtu anaweka alama kwenye ramani, anaandika tatizo, basi. Kinachoibeba kiko nyuma ya pazia: mfumo unajua eneo hilo liko chini ya halmashauri ipi na tatizo la aina hiyo linapelekwa idara gani, kisha unalituma huko wenyewe. Ripoti inabaki hadharani, na baada ya wiki 4 aliyeripoti anaulizwa kama limetengenezwa au bado.

Kwa hiyo mzee wenu amegusa penyewe. Kazi yenu ya kwanza ni jedwali dogo tu: aina ya kero, ofisi inayohusika, cheo cha anayepokea (si jina, maana watu huhamishwa), na njia ya kumfikishia. Mtashangaa. Mara nyingi barabara kubwa ina mamlaka yake, vichochoro vina mwingine, na taa ni za mtu wa tatu kabisa. Barua ikienda kwa asiyehusika inalala droo mwaka mzima na hakuna wa kumlaumu.

Jedwali hilo likishasimama, tumieni vilivyopo. Programu ya FixMyStreet ni chanzo huria, yaani yeyote anaweza kuichukua na kuirekebisha bure, na Ushahidi, mfumo wa kukusanya ripoti kwenye ramani uliozaliwa Kenya mwaka 2008, nao ni chanzo huria. Ila kwa mtaa mmoja, hata fomu ya KoboToolbox inatosha. Inajazwa kwenye simu bila intaneti, ukipata mtandao unatuma.

Mpima Mitaro

Naunga mkono, na naongeza jambo ambalo watu hulijua wakiwa wamechelewa. Hizo picha za WhatsApp mlizolimbikiza hazitawapa ramani. WhatsApp ikituma picha kwa njia ya kawaida hufuta taarifa za mahali ilipopigwa. Utabaki na picha ya maji machafu ambayo inaweza kuwa mtaro wowote duniani. Ndiyo maana fomu ina faida: inachukua picha na pini (alama ya mahali kwenye ramani) kwa pamoja.

Halafu msiishie kwenye "umeziba". Dar es Salaam, mradi wa Ramani Huria ulioanza 2015 uliwatumia wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wenyewe kuchora kata zinazofurika, na mitaro yake ikiwemo. Ukipita kwenye mtaro andika upana, kina, kama umejengewa au ni wa udongo, kilichouziba (mchanga? plastiki? mtu kajenga juu yake?), na maji yanaelekea wapi. Hilo la mwisho ndilo roho ya kazi. Mkizibua juu wakati kalavati la chini limejaa mchanga, mmewahamishia majirani mafuriko. Ukiwa na mwelekeo wa maji unaweza kumwambia mhandisi: anza hapa. Mhandisi anaisikia hiyo lugha kuliko picha mia za malalamiko.

Mitaro na njia zenyewe ziwekeni OpenStreetMap, ramani huria ya dunia ambayo yeyote anaweza kuichora, ili zisipotee kikundi kikivunjika. Msinakili kutoka Google Maps, leseni hairuhusu.

Debe Tupu

Mimi nitakuwa mbishi kidogo. Nani ataripoti? Wenye simu janja na muda. Boston, Marekani, walikuwa na aplikesheni inaitwa Street Bump: simu ikiwa ndani ya gari inahisi mtikisiko na kuripoti shimo. Akili nyingi sana, ila ikaonekana wazi kwamba mitaa yenye watu wenye simu nzuri na magari itaonekana ndiyo yenye mashimo mengi, na wasio navyo wataonekana barabara zao shwari. Mkipeleka ramani ya hivyo halmashauri, mtaro wa pili utazibuliwa palepale ulipozibuliwa wa kwanza.

Fundi wa Majedwali

@Debe Tupu uko sahihi, na dawa yake si teknolojia. Gaweni mtaa vipande, kila kipande kiwe na watu wawili wa kukipitia chote kwa miguu, penye kero na pasipo na kero. Hapo sehemu tupu kwenye ramani itamaanisha pazima kweli.

Mkazi wa Kona

Nawashukuru sana, kichwa kimefunguka. Hamjanijibu kuhusu zile PDF lakini.

Fundi wa Majedwali

Tim Berners-Lee, aliyebuni wavuti, mwaka 2010 alipendekeza data huria zipewe nyota 1 hadi 5, kadiri kompyuta inavyoweza kuzisoma na kuzitumia kirahisi. PDF hata iwe na leseni huria ni nyota 1 tu. Kama maandishi yanachagulika kwa kipanya, programu ya bure ya Tabula inayatoa na kuyapanga kwenye jedwali. Za kuskaniwa haiziwezi. Hizo andikeni barua ya kistaarabu kuomba faili halisi la Excel, kwa sababu lipo, hakuna mhasibu anayepanga bajeti kwenye skana.

Ila usiombe kila kitu. Njoo na swali moja. New York mwaka 2014, Ben Wellington alichukua data huria ya faini za maegesho akauliza: ni mabomba gani ya zimamoto ya kando ya barabara yanayowaponza madereva wengi zaidi? Akafika kwenye mabomba mawili ya mtaa mmoja, yaliyokuwa yakiingiza makumi ya maelfu ya dola za faini kwa mwaka, maana kuegesha mbele ya bomba ni kosa. Kumbe alama za barabarani zilimfanya dereva aamini pale panaruhusiwa kuegesha. Alipoyachapisha, jiji likapaka rangi upya. Swali moja, faili moja.

Lenu linaweza kuwa hili: ni miradi ipi ya mtaa wetu imeandikwa "imekamilika", na ukienda kwa miguu inaonekana?

Bi Tahadhari

Hapo kwenye kuchapisha, punguzeni kasi jamani. Ramani ya mitaro iwe wazi kwa kila mtu, sawa. Majina na namba za walioripoti zisitoke nje ya kamati. Na malalamiko ya "fulani kajenga juu ya mtaro" yasipande hadharani kabisa, andikeni "kuna kizuizi" basi. Mtaani mtu anajulikana hata bila jina, pini ikiwa juu ya paa lake imetosha.

Mkazi wa Kona

Imeeleweka. Kijana nimemwambia aanze na fomu, kanuna kidogo ila kakubali. Tuweke mitaro, taa na taka kwa pamoja au?

Mpima Mitaro

Mitaro peke yake, kabla mvua hazijaanza. Taka zinabadilika kila siku, mtachoka. Taa ziachieni awamu nyingine maana lazima mzunguke usiku, na mkizunguka angalieni kama nguzo zimeandikwa namba. Kama zipo, iwekeeni sehemu yake kwenye fomu. Fundi wa umeme anaitafuta nguzo kwa namba kwanza.