Joto la ghafla na jasho la usiku baada ya hedhi kukata, njia gani ya asili inasaidia kweli?

Mama K wa Tabata
Habarini za jioni wapendwa, naomba msaada hasa kwa kina mama mliopita hapa. Nina miaka 51, hedhi ilianza kuruka ruka halafu ikakata kabisa, sasa usiku silali jamani, yani nimelala vizuri tu mara joto linaanzia kifuani linapanda shingoni mpaka kichwani, moyo unaenda mbio, jasho linanitoka mpaka shuka linalowa, nikishabadilisha nguo naanza kutetemeka baridi. Mchana kazini ndo aibu kabisa. Natumia amlodipine ya presha kwa hiyo sitaki kujiongezea vidonge hovyo. Sokoni kuna mtu ananiuzia unga wa mizizi anasema unarudisha homoni zote, na bei yake si mchezo. Nyie mlitumia nini? Na hii kitu inaisha lini?

BintiTanga
Pole sana dadangu, mie nimeipitia na najua inavyochosha. Kwanza angalia unapolalia. Godoro la sponji linashika joto balaa, tandika kanga mbili za pamba juu ya shuka, ile ya juu ikilowa unaivuta unaitupa chini unaendelea kulala, huna haja ya kuwasha taa na kuamsha nyumba nzima. Nguo za kulalia zile za kuteleza achana nazo, vaa dera jepesi la pamba au kanga tu. Chandarua nacho kinazuia upepo lakini usikiondoe, malaria haina huruma, sogeza feni iwe karibu ipulize usawa wa kifua. Na umeme ukikatika uwe na kitambaa kibichi kwenye bakuli pembeni, joto likianza kupanda unaweka shingoni. Chai ya moto ya tangawizi usiku mie niliacha, na pilipili nikahamishia mchana.

Baba Wawili
Mama watoto anapitia hayo hayo. Wanaume wenzangu mkisoma hapa, mwenzio akifungua dirisha saa nane usiku usimgombeze, na akisogea mbali kitandani hajakuchukia, anaungua. Sie tuligawana shuka, kila mtu na lake, ugomvi ukaisha.

Nesi wa Zamu
Mama K pole, na hongera kwa kuuliza kabla ya kununua huo unga. Tafadhali usinunue. Hakuna mzizi unaorudisha homoni zote, na dawa usiyojua ndani kuna nini inaweza kuumiza ini au kugongana na dawa ya presha.

Kinachotokea ni kwamba estrojeni, ile homoni ya kike, ikishuka, sehemu ya ubongo inayopima joto la mwili inakuwa nyepesi kushtuka, joto likipanda kidogo tu inafungua mishipa ya ngozi na kumwaga jasho kama vile umekimbia. Ndo maana kitanda cha baridi kinasaidia, unapunguza kile kinachoishtua.

Halafu amlodipine yenyewe inaweza kuleta joto usoni na mwilini kwa baadhi ya watu. USIIACHE mwenyewe, ila mwambie daktari wako, anaweza kuangalia kama inachangia.

Kuhusu muda, inatofautiana sana. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotoka 2015 ulikuta kwa wanawake wanaopata hali hii mara kwa mara, nusu yao iliwachukua zaidi ya miaka 7. Sisemi kukutisha, nasema usikae unavumilia kimya ukisubiri iishe mwezi ujao. Kupunguza uzito kama umezidi kunasaidia, pia tiba ya mazungumzo na mtaalamu wa saikolojia inapunguza jinsi joto linavyokusumbua na inarudisha usingizi. Sigara na pombe kama unatumia, acha.

Na jambo ambalo watu wanalisahau, si kila jasho la usiku ni menopozi, yani hiki kipindi cha hedhi kukoma. Ukiwa na kikohozi cha wiki mbili, homa za jioni au unapungua mwili bila sababu, nenda upime TB, kwenye vituo vya serikali kipimo na dawa ni bure. Na ukiona damu tena baada ya kukaa mwaka mzima bila hedhi, usisubiri, nenda hospitali.

Mwanaisha Likoni
Mimi nimekuwa nikinywa maziwa ya soya na maharage ya soya kwa mboga, naona afadhali kiasi.

Nesi wa Zamu
Soya kama chakula endelea tu dada, ina vitu vinavyofanana kidogo na estrojeni. Ila matokeo ya tafiti yanapishana, wengine wanapata nafuu ndogo wengine hawaoni kitu, kwa hiyo usiache kula vingine kwa ajili yake.

Mama K wa Tabata
Asanteni mno, huo unga nimeachana nao. Nesi, je uwatu? Shangazi kaniletea mfuko mzima. Na nikizidiwa kabisa, mwenye presha anaruhusiwa hizo dawa za homoni?

Nesi wa Zamu
Uwatu kiasi cha kiungo kwenye chakula hauna shida, lakini kunywa vikombe kila siku kama dawa hapana kwanza, unashusha sukari na unaweza kugongana na dawa za kuzuia damu kuganda. Homoni ndo zenye nguvu kuliko vyote kwa hili tatizo, na presha iliyodhibitiwa peke yake si lazima ikuzuie. Wanaokatazwa zaidi ni waliowahi kupata saratani ya matiti, kiharusi au damu kuganda kwenye mishipa. Beba orodha ya dawa zako zote, kamuone daktari wa kina mama, na umwambie kuhusu usingizi hivi hivi ulivyotuandikia.