Inc. ndogo ya Texas: barua inadai dola 160 za "mihtasari ya mwaka". Tulipe?

Tela53
Wakuu, habari za kazi. Mimi na dada yangu tuna kampuni ya malori Houston, Inc. ya Texas tangu Machi 2022, na kwa IRS (mamlaka ya kodi ya Marekani) tumejiandikisha kama S, yaani faida inatozwa kodi kwa wanahisa, si kwa kampuni. Imekuja barua yenye picha ya tai na namba ya fomu: dola 160 tuandikiwe mihtasari ya vikao, la sivyo tunavunja sheria. Kwenye faili tuna cheti cha kuundwa na EIN (namba ya kodi ya kampuni), basi. Halafu mdogo wetu yuko Mwanza, anataka kuweka pesa apewe hisa 200. Tuanzie wapi?

Karani wa Zamu
Usilipe. Hao wanachota majina kwenye rejista ya jimbo iliyo wazi kwa kila mtu. Soma chini kabisa, kwenye herufi za sisimizi, mara nyingi wanakiri wenyewe kuwa si ofisi ya serikali. Mihtasari Texas haipelekwi popote, inakaa kwenu.

Kinachokwenda jimboni ni mambo ya Comptroller, ofisi ya kodi ya jimbo, kila tarehe 15 Mei. Kwa ripoti za 2024 na 2025, mapato yasiyozidi dola 2,470,000 hayakuwa na kodi ya fransaizi (kodi ya jimbo kwa kampuni), na tangu 2024 hata fomu ya kusema "hatudaiwi" imeondolewa. Hapo ndipo wengi wanapojikwaa, wakidhani hakuna tena cha kujaza. Fomu 05-102, yenye majina ya wakurugenzi, maofisa na wakala aliyesajiliwa (anayepokea barua za kisheria za kampuni), bado inatakiwa. Haina ada. Inajazwa mtandaoni kwenye Webfile ya Comptroller kwa namba inayoanza na XT, iliyo kwenye barua ya Comptroller.

Mama Leja
Kabla ya yote, tafuta jina la kampuni kwenye tovuti ya Comptroller uone hali yake. Kama mmeruka miaka na haki zimefutwa, kampuni haiwezi kushtaki wala kujitetea mahakamani Texas, na wakurugenzi na maofisa wanaweza kubebeshwa binafsi madeni yaliyoingia kipindi hicho. Kwa watu wa malori hilo si dogo, maana dizeli na matairi ni mkopo mtupu.

Secretary of State wa Texas (msajili wa kampuni) naye akishafuta usajili, fuata mpangilio huu, usiuruke: jaza ripoti zote za nyuma na ulipe faini zake, omba barua ya Comptroller ya kuthibitisha kodi iko sawa (Fomu 05-391), ndipo upeleke Fomu 801 na dola 75. Ukianza na 801 bila ile barua, inarudishwa. Na jina lenu likiwa limeshachukuliwa na mwingine, mtabadili jina.

Tela53
Asante, nimeangalia, tuko hai. Sasa mihtasari ya 2022 na 2023, tuandike leo tuweke tarehe za wakati ule?

Karani wa Zamu
Thubutu! Hiyo ni kughushi. Andikeni azimio moja lenye tarehe ya leo, wanahisa wote na wakurugenzi wote wasaini, linalosema kwa maana hii: "Tunathibitisha uchaguzi wa wakurugenzi na maofisa tangu 2022, na tunaridhia mkopo wa lori na mkataba wa yadi." Taja kila mkopo na mkataba kwa tarehe yake na kiasi. Kwa watu wawili hamhitaji kikao, saini za wote zinatosha. Liandikwe kwa Kiingereza, maana msomaji wake ni benki au wakili.

Daftari la hisa ni karatasi moja tu: cheti namba 1, jina, hisa 600, tarehe, dola 6,000 zilizoingia benki. Mstari unaofuata ni wa dada. Weka na risiti ya benki nyuma yake.

Ila daftari safi halitakuokoa kama kadi ya kampuni inalipia ada ya shule ya watoto. Mdai akitaka kufika kwenye nyumba yako, anaanza na taarifa za benki.

Nusu Hisa
Hilo la mdogo wa Mwanza mlisimamishe kwanza. S hairuhusu mwanahisa ambaye si raia wala mkaazi wa Marekani kikodi. Siku anayopata hisa hata moja, S imekufa: kampuni inalipa asilimia 21, kisha gawio linatozwa tena, na kurudi S ni kusubiri miaka mitano isipokuwa IRS wakubali.

Msikimbilie kumwita mkopeshaji pia. Kinga ya deni la kawaida kwenye sheria ya S, inayozuia mkopo kuhesabiwa kama hisa, haimhusu mkopeshaji mgeni wa nje, na riba anayolipwa ina masharti yake ya kukatwa kodi. Mkataba wa mkopo upitiwe na CPA (mhasibu mwenye leseni) kabla pesa haijatumwa.

Mkiamua kuacha S, hesabuni kwanza hisa zilizoruhusiwa kwenye cheti cha kuundwa. Kama ni 1,000 na mmeshagawana zote, za kumpa hakuna mpaka mrekebishe cheti: Fomu 424, dola 150.

Tela53
Ni 1,000, na zote tumegawana. Na ile ripoti ya wamiliki ya FinCEN, idara ya Hazina ya Marekani?

Mama Leja
Kampuni zilizoundwa Marekani ziliondolewa Machi 2025. Ukiletewa barua ya kuidai, itupe pamoja na ile ya dola 160.