Mchele tani 30 kutoka Igurusi kwenda Nakonde: karatasi zianzie wapi?

Mwana Usangu
Wakuu, habari za kazi. Mteja wa Nakonde, Zambia, anataka mchele tani 30, semi moja kutoka Igurusi, Mbeya. Kila dalali ana orodha yake ya karatasi. Kipi kinaanza? Na ni kweli cheti cha COMESA (soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika) ndicho kinachoondoa ushuru kule?

Wakala Vwawa
Anzia ng'ambo mkuu. Mteja aombe kibali cha kuingiza mazao Zambia, akutumie nakala. Humo ndimo yamo masharti ya wadudu na ufukizaji, na mkaguzi wa TPHPA (mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu) anayafuata anapotoa cheti cha usafi wa mimea. Cheti kisichogusa masharti hayo kinakwama Nakonde hata kama mchele ni safi.

Fukiza ghalani, kabla ya kupakia. Vidonge vya fosfini vinataka siku 5 au zaidi chini ya turubai lisilovuja, na baridi ya Juni na Julai inaziongeza. Wenye haraka hufunua siku ya pili: wadudu wakubwa wamekufa, mayai yamebaki.

Kisha kibali cha Wizara ya Kilimo cha kusafirisha nje, ankara, cheti cha uasili (kinachoonyesha mzigo umezalishwa nchi gani) cha TCCIA, chemba ya wafanyabiashara, na tamko la forodha ambalo wakala wako alianze gari likiwa bado Igurusi. Kinachowaangusha wengi ni uzito: ankara inasema kilo 30,000, cheti kimejumlisha na viroba. Tenganisha uzito wa mchele peke yake na uzito pamoja na vifungashio, uandike hivyo hivyo kila mahali. Viroba 600 vya kilo 50, na lumbesa usiifikirie kabisa.

Kasumulu Juu
Hilo la COMESA futa. Tanzania ilijitoa mwaka 2000. Wamalawi na Wazambia wanakitumia cheti hicho baina yao, ndiyo maana madalali wanachanganya. Wewe omba cheti cha uasili cha SADC (jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika), ndicho cha nafuu ya ushuru. Mpunga umelimwa na kukobolewa hapa, kwa hiyo uasili hauna utata. Ila mchele wa nje uliofungwa upya Mbeya haupati nafuu hiyo.

Hosi na Tela
Mizani ya Mpemba, kabla ya Tunduma, msiisahau. Semi ya ekseli 6 mwisho ni tani 50: mbele 8, ekseli mbili za nyuma za hosi (kichwa cha gari) 18, tatu za tela 24. Gari tupu la tani 18 na mzigo wako ni 48, unapita. Lakini vijana wakirundika viroba mbele ya tela, zile 18 zinazidi na unatakiwa kupanga upya mzigo barabarani. Tandazeni sawa tangu mwanzo.

Mpakani ni kituo cha pamoja tangu 2019. Gari linalotoka huku linamalizia taratibu za nchi zote mbili upande wa Nakonde, kwa hiyo wakala awe na mtu kule.

Mwana Usangu
Shukrani sana. Na akitaka ufike Lubumbashi?

Kasumulu Juu
Hapo Zambia inakuwa njia tu: unahitaji dhamana ya forodha mpaka Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, na mteja wa Kongo awe na kibali chake. Kongo iko SADC lakini haijaingia eneo huru la biashara la SADC. Iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki 2022, kwa hiyo kabla ya kukubaliana bei mwambie aulize forodha yao kwa maandishi ni cheti kipi wanakipokea na ushuru ni asilimia ngapi.